Mzee wa Gradinata Nord

Tangu Jumapili kuna maneno ya mzee mmoja yanayonirudia kila ninapokaa kimya, nami nayaandika hapa ili niyatazame vizuri, ingawa wiki yenyewe imekuwa na mambo makubwa zaidi: dada ametoka hospitali na binti yake, wote wazima, na ofisi ya Dar es Salaam imeniongezea mkataba wa mwaka mmoja.

Shemeji alikuwa ameniahidi tangu siku ya harusi kwamba nikifika Genoa, Italia, atanipeleka Marassi, kwenye uwanja wa soka wa klabu yake, nayo yaitwa Genoa. Nyumba yao iko karibu na uwanja, kwa hiyo tulikwenda kwa miguu, na njia nzima alinisimulia habari za klabu yake kwa heshima ambayo wengine huiweka kwa nasaba ya ukoo. Waingereza waliianzisha mwaka 1893, kriketi ikiwa mbele kuliko soka. Daktari mmoja wa kwao, James Spensley, ndiye aliyehimiza Waitaliano wafunguliwe mlango mwaka 1897. Na mwaka uliofuata, tarehe 8 Mei, ubingwa wa kwanza wa Italia ulichezwa Turin kwa siku moja, kwa timu nne, Genoa wakaondoka nao. Uwanja wa Luigi Ferraris unatumika tangu 1911, na umepewa jina la nahodha wao wa zamani aliyeuawa katika Vita Kuu ya Kwanza. Umebanwa na majumba ya ghorofa na gereza la mji, hauna njia ya wakimbiaji, na mchezaji anayerusha mpira unamwona jasho. Sampdoria, watani wao waliozaliwa mwaka 1946 kwa kuungana kwa klabu mbili, wanautumia uwanja huohuo, jambo lililonifanya nijisikie nyumbani mara moja, kwa sababu sisi wa Tanga tumekulia Mkwakwani, ambako Coastal na African Sports wanagawana nyasi zilezile.

Tulisimama Gradinata Nord, jukwaa la Genoa. Mchezo wenyewe ulikwisha sare bila bao. Mzee huyo alikuwa upande wangu wa kushoto, skafu yake nyekundu na buluu iliyokolea imepauka kwa miaka, na alipomsikia shemeji akizungumza nami kwa lugha nyingine, aliuliza kwa adabu kama hii ilikuwa mara yangu ya kwanza. Shemeji alitufasiria.

“Nyumbani unashabikia timu gani?”

“Coastal Union, mzee. Ya Tanga. Nao ni mji wa bandari.”

“Mara ya mwisho kuchukua ubingwa ilikuwa lini?”

“Mwaka 1988.”

Alinitazama kwa muda. “Basi ni juzi tu,” akasema. Kisha akauliza: “Nyumbani kwenu yupo aliyeshuhudia?”

“Baba yangu.”

“Basi mnaye.”

Akageukia uwanja, wala hatukuzungumza tena mpaka filimbi ya mwisho, aliponishika bega na kwenda zake.

Usiku ule sikulala mapema. Kilichonichoma ni lile neno “juzi”. Mtu wa Tanga anajua uzito wa 1988. Ni mwaka tunaosimangwa nao na mashabiki wa Simba na Yanga kila tunapofungua mdomo. Ni mwaka ambao wachezaji wetu wa leo hawakuwa wamezaliwa. Tumeshuka daraja na kupanda tena tukiubeba. Nami niliutaja kwa mgeni kama mtu anayeonyesha jeraha, naye akaupokea kama habari ya wiki iliyopita. Nilijiuliza kama alinidharau, au kama shemeji alilainisha maneno yake katika kuyafasiri, au kama kwake timu ya mbali haina umri. Jumatatu nilikuwa nikimbembeleza mtoto huku nikiyapitia maneno hayo upya, sauti yake, ule muda alionitazama kabla ya kujibu.

Jumanne, wakati wa chakula cha usiku, shemeji alinieleza kuhusu nyota, na hapo mambo yakageuka. Katika soka ya Italia, klabu iliyofikisha ubingwa mara kumi huvaa nyota juu ya nembo yake. Genoa wanao mara tisa, na wa mwisho ni wa mwaka 1924. Wamekaa na hiyo tisa umri wa babu na mjukuu, wakishuka daraja mwaka 2022 na kurudi mwaka uliofuata, huku wengine wakiwapita na kuvaa nyota mbili na tatu. Mzee yule shemeji anamfahamu kwa sura. Mzee alikuwa Anfield, uwanja wa Liverpool, Machi 1992, mshambuliaji Aguilera alipofunga mara mbili na Genoa ikawa timu ya kwanza ya Italia kushinda pale. Hilo aliliona kwa macho yake. Ubingwa hajauona, na kwa umri wake hata baba yake huenda hakuwa na kumbukumbu nao. Hakuna aliyebaki mezani kwake wa kumwuliza jinsi mji ulivyokuwa asubuhi ya pili yake.

“Basi mnaye.” Sasa nalisikia hilo zaidi kuliko lile la juzi, na silisikii kwa uchungu hata kidogo.

Nilimpigia baba palepale, ingawa Tanga ilikuwa usiku. Alisikiliza kisa chote bila kunikatiza, kisha akaniuliza mzee ana miaka mingapi. Nilimwambia sabini na kitu, kwa kukisia. Akanyamaza. “Pole yake,” alisema. “Mwambie Wagosi wa Kaya wanamsalimu,” yaani sisi wa Coastal. Baadaye, bila kuombwa, alinisimulia jinsi alivyotembea na marehemu baba mkubwa kutoka Mkwakwani mpaka Ngamiani wakiimba, na jinsi mama alivyowangoja mlangoni kwa hasira kwa sababu walikuwa wametumia fedha ya unga. Nilifurahi mno. Nimeandika yote aliyosema, na nitampigia tena Ijumaa baada ya swala.

Kinachonikosesha raha usiku huu ni mvua. Imenyesha tangu alasiri na mkoa umetangaza tahadhari ya rangi ya chungwa hadi kesho mchana. Dada anakaa ghorofa ya chini, karibu na kijito cha Fereggiano, kilichofurika Novemba 2011 na kuua watu sita, na mto Bisagno nao ulipasua kingo zake Oktoba 2014. Shemeji anasema mifereji imerekebishwa sana tangu wakati huo. Mimi nimemwomba dada amchukue mtoto wapande kwa wifi ghorofa ya tatu, naye anasema mtoto ndiyo kwanza amelala, tungoje kidogo.