Jinsi deni la kausha damu lilivyozimwa Kibirizi bila kufilisiwa

Mchuuzi wa dagaa wa Kibirizi, Kigoma, alidaiwa shilingi 400,000 za kausha damu (mkopeshaji wa mtaani wa riba kali) kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, na 900,000 za taasisi yenye leseni kwa asilimia 3.5. Kuomba kufilisiwa (mahakama imtangaze kuwa hawezi kulipa madeni) hakukulipa: ombi huenda Mahakama Kuu, mali hukabidhiwa msimamizi, na wakili peke yake angekula mtaji.

Dawa ilikuwa kuhamisha deni. Alikopa 400,000 kwenye kikundi cha kuweka na kukopa kwa asilimia 2, akamlipa kausha damu mbele ya shahidi, akadai risiti na kadi ya benki aliyoiweka rehani, akabadili namba ya siri siku hiyohiyo (wengi husahau hapa). Riba ya mwezi ikashuka kutoka 80,000 hadi 8,000. Zile 72,000 zikaelekezwa kwenye deni la 900,000.