Nilivyoirudisha barabarani Honda CG125 ya mjomba

Mjomba wangu anakaa Mtoni, Temeke. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na pikipiki, Honda CG125, iliyoegemezwa ukutani tangu mgongo ulipoanza kumsumbua, na kuku walishaifanya makao. Nilipomwomba alicheka. "Chukua, mjomba wangu, ila hiyo ni ya watu wa vyuma chakavu."

Kitu cha kwanza nilichotaka kuona ni kadi ya umiliki, injini baadaye. Kadi ilikuwepo, na baada ya kusugua kutu namba ya chasisi ikasomeka na kulingana nayo. Tukaenda TRA, mamlaka ya mapato, kubadili umiliki kabla sijafungua nati hata moja. Mwenye kadi akiwa hai na anaweza kusaini, kazi ni nyepesi. Akishafariki unaanzia mahakamani kwenye mirathi, na pikipiki inaendelea kuoza.

Injini ilikuwa imenata. Vijana wa kijiweni walitaka kuirukia kiki mpaka iachie, nikawakatalia, kwa sababu hapo ndipo meno ya kiki yanapokatika. Nilitoa plagi, nikamimina dizeli iliyochanganywa na oili kwenye silinda, nikaiacha ikae. Kisha nikaweka gia ya juu kabisa na kulitikisa tairi la nyuma mbele na nyuma, taratibu, kila nikirudi kutoka kazini. Jioni moja lilisogea kidogo sana, kiasi cha upana wa kidole, nikajua pistoni imeachia.

CG125 ilianza kutengenezwa miaka ya 1970 kwa ajili ya nchi kama zetu: valvu zinasukumwa na pushirodi (vijiti vya chuma vinavyopanda kutoka chini ya injini), hakuna cheni ya taimingi, na cheni ya nyuma imefunikwa kabisa. Wachina waliiga injini hiyo, na bodaboda nyingi za kwanza hapa Dar, SanLG na wenzake, zilikuja na ramani ileile. Ndiyo maana spea za pikipiki hii bado zipo Kariakoo. Boxer na TVS, pikipiki za Kihindi, ni ukoo mwingine, usikubali kuuziwa vya kwao. Mimi nilikwenda na pistoni ya zamani mkononi na kulinganisha dukani, maana "inaingia tu hiyo bro" ya muuzaji haina dhamana.

Silinda ilikuwa na michirizi, ikaenda kuboliwa, yaani kuchongwa upya ndani, upande wa Gerezani. Nunua pistoni na ringi za ovasaizi (kubwa kidogo kuliko za awali) kwanza, ndipo umpelekee fundi wa mashine silinda pamoja na pistoni yenyewe aipime. Pembeni ya klachi kuna kikombe kinachozunguka na kukusanya uchafu wa oili. Nilipokifungua nilikuta tope gumu jeusi, likatoka kwa bisibisi. Mafundi wengi hukiruka.

Tanki ndilo lililonitesa. Ndani kulikuwa na petroli iliyogeuka utomvu wa kahawia wenye harufu kali, na chini yake magamba ya kutu. Nilimwaga yote, nikaweka siki nyeupe na nati za zamani, nikatikisa na kulaza tanki kila upande. Kazi ngumu inaanzia hapo: ukishasuuza kwa maji ya magadi, hewa yetu ya chumvi inarudisha kutu ya rangi ya chungwa papo hapo, unaiona kwa macho. Kwa hiyo mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili yawe tayari pembeni, uyamimine na kuyazungusha ndani mara tu maji yanapoisha. Kisha weka filta ndogo kwenye mpira wa petroli.

Kwenye kabureta, jeti ndogo, kijitundu cha kupitishia petroli, ndiyo inayoziba. Tundu lake ni kama halipo. Nilichuna waya wa umeme, nikachukua uzi mmoja wa shaba na kuupitisha hadi nikaona mwanga upande wa pili. Sindano ya chuma italipanua tundu, na hapo pikipiki itakunywa petroli daima.

Breki zilikuwa na nyama nzuri kwa macho, lakini nilipozigonga, bitana ya nyuma ilibanduka nzima kwenye kiatu chake: gundi ilishakufa. Matairi nayo hayakuwa na vipara, ila tarakimu nne za mwisho baada ya DOT, wiki na mwaka, zilinionyesha umri wake. Nikabadili yote.

Siku ya kuwasha nilipiga kiki bila plagi, kifuniko cha valvu kikiwa wazi, mpaka oili ikatokeza kwenye roka, mikono inayobonyeza valvu. Valvu niliziachia nafasi ya milimita 0.08 injini ikiwa baridi, pointi, zile za kukata umeme wa plagi, nikazisugua kwa msasa laini na kuziweka kati ya milimita 0.3 na 0.4. Plagi ikarudi, choki juu. Ilikohoa, ikatoa moshi uliowatoa majirani nje, kisha ikatulia.

Iliyobaki ni taa ya mbele. Umeme wake ni wa volti 6, mwanga ni wa kibatari. Fundi ananishawishi tufunge magneto na koili za chini za bodaboda ili twende volti 12. Inawezekana, na nadhani nitakubali, lakini kwa sasa natembea nayo mchana tu.