Namna ya Kuitazama Obaltan ya Yu Hyun-mok

Wengi wanaoijaribu Obaltan, filamu ya Korea Kusini ya 1961, hupotea katika nusu saa ya mwanzo, na wala si kosa lao. Yu Hyun-mok anawamwaga wahusika kwa mkupuo: maaskari wa zamani, mwigizaji wa kike, muuguzi. Hakuambii umfuate nani. Mfuate karani anayeumwa jino.

Karani huyo ni Cheol-ho, anayechezwa na Kim Jin-kyu. Ameajiriwa kwenye ofisi ya mhasibu jijini Seoul na anaishi Haebangchon, mtaa wa vibanda uliojaa wakimbizi waliotoka kaskazini. Nyumbani kuna mama aliyerukwa na akili, mke mjamzito, binti mdogo anayeahidiwa viatu visivyofika, mdogo wake Yeong-ho aliyerudi kutoka Vita vya Korea na makovu bila kazi, dada yao Myeong-suk anayeuza mwili kwa wanajeshi wa Marekani, na kijana mwingine anayeuza magazeti. Jino linauma tangu mwanzo, lakini haling'olewi kwa sababu kila hwan (sarafu ya wakati huo) ya mshahara ina mwenyewe.

Hadithi fupi ya Yi Beom-seon iliyozaa filamu hii, iliyotoka 1959, haimwachi Cheol-ho. Filamu imempanua Yeong-ho (Choi Moo-ryong): ikampa mapenzi, ikampa nafasi ya kuigiza askari majeruhi katika filamu, ambayo anaikataa kwa hasira kwa kuwa watengenezaji wake wanachotaka hasa ni makovu yake. Halafu anapora benki. Anavyokimbizwa mjini ni upigaji picha wa hali ya juu: anakatiza kwenye maandamano ya wafanyakazi, anampita mwanamke aliyejinyonga huku mtoto analia mgongoni mwake, naye hana hata nafasi ya kusimama.

Hapo ndipo mtazamaji anaponaswa. Yeong-ho anavutia mno, jino linasahaulika, na mwisho unakuwa fumbo.

Basi shika mfuatano huu. Myeong-suk anampa kaka yake pesa za hospitali, maana mke yuko katika uchungu wa kuzaa. Cheol-ho anafika, mke ameshafariki. Anatangatanga, kisha pesa zile zile anakwenda kung'olea jino. Daktari anatoa gego moja na kukataa la pili, kwani kutoa yote mawili siku moja ni hatari. Cheol-ho anakwenda kwa daktari mwingine, linatolewa. Ukiikosa zahanati hiyo ya pili utadhani ndani ya taksi amezidiwa na huzuni peke yake, kumbe damu nayo inamwisha. Anataja Haebangchon, anabadili, anataja hospitali, anabadili tena, anataja kituo cha polisi. Kila mahali kuna mtu wake: mama na mtoto, maiti ya mke, mdogo wake aliyekamatwa. Dereva analalamika kwamba amepakia obaltan, risasi iliyokwenda ovyo.

Usipunguze sauti. Mama hulia “Gaja!”, yaani twende, tena na tena. Filamu ilitoka Aprili 1961, wakati udhibiti wa filamu ulikuwa umelegea baada ya Rais Syngman Rhee kuangushwa mwaka uliotangulia. Mapinduzi ya kijeshi ya tarehe 16 Mei yakaleta watawala walioipiga marufuku, na kilio hicho kikatafsiriwa kuwa wito wa kwenda Korea Kaskazini. Nakala iliyosalimika ni ile iliyopelekwa kwenye tamasha la San Francisco mwaka 1963, ndiyo maana ilikuwa na maandishi ya Kiingereza yaliyochapwa juu ya picha yenyewe. Hifadhi ya Filamu ya Korea imeiweka bure kwenye chaneli yake ya YouTube.

Hadithi isome baadaye, kwani nayo inaishia kwenye taksi ile ile. Na kama uigizaji wa Kim Jin-kyu umekukaa moyoni, mtafute katika filamu ya Shin Sang-ok ya mwaka huo huo wa 1961, Sarangbang sonnimgwa eomeoni, iliyotokana na hadithi ya Ju Yo-seop ya 1935. Humo ni mpangaji mpole katika nyumba ya mjane.