Maria anaomba, Yesu ndiye anayeokoa

Ndugu zangu, tuwe makini na Litania ya Bikira Maria, ile sala ya kuitikiana baada ya rozari. Tunapomwita Mungu Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, tunaitikia "utuhurumie". Tukifika "Maria Mtakatifu", kiitikio ni "utuombee", hadi kwenye Mwanakondoo wa Mungu, ambapo tunarudi kwa Yesu. Kiongozi akikimbiza, watu wanachanganya viitikio hivyo viwili, na hilo si dogo: mpatanishi kati ya Mungu na wanadamu ni mmoja tu, Kristo Yesu (1 Tim 2:5). Hata Maria ameokolewa naye. Papa Pius IX alipotangaza mwaka 1854 kwamba alikingiwa dhambi ya asili, alisema wazi ni kwa mastahili ya Kristo. Ila jamani, nafasi yake ni kubwa! Alikubali kwa hiari kuwa mama wa Yesu, akamwambia malaika "nitendewe ulivyosema", akasimama karibu na msalaba wa Mwanae, na hadi leo anatuombea.