Siku moja maishani mwangu: fundi mitambo ya sauti ukumbini

Saa 12:15 asubuhi. Nafika kabla ya wahudumu wa chai. Ukumbi wa leo uko Dodoma: vigae chini, vioo ukuta mzima, dari ya jipsamu. Napiga kofi moja katikati nasikiliza. Mlio unazunguka, haufi haraka. Kazi ipo.

Saa 1:00. Waliofunga jana waliweka spika nyuma ya meza kuu ili zipendeze kwenye picha. Hapo ndipo mluzi unapozaliwa: spika inamwaga sauti ndani ya maiki, maiki inairudisha kwenye spika, na kila mzunguko unaongezeka. Tunazihamishia mbele ya meza kuu, zikiwatazama wajumbe. Maiki zetu ni kadioidi, mgongoni hazisikii karibu kitu, kwa hiyo mgongo wake ndio tunaouelekeza kwenye spika.

"Kaka, si tupunguze tu sauti?" ananiuliza kijana ninayemfundisha.

"Mdogo wangu, aliyekaa nyuma naye amekuja kusikia."

Saa 2:00. Napandisha sauti ya maiki polepole mpaka ianze kulia. Leo inalia karibu na hezi 2500 (hezi hupima wembamba au uzito wa sauti). Nashusha bendi hiyo, yaani kipande hicho cha sauti, desibeli 3 (kipimo cha nguvu ya sauti) kwenye ekwalaiza, kifaa cha kushusha au kupandisha kila bendi peke yake, kisha napandisha tena. Sasa inalia kwenye 630. Nikishagusa bendi nne naacha. Ukikata zaidi, mtu anasikika kama yuko ndani ya pipa.

Saa 3:30. Mama mmoja wa meza kuu ameshika maiki usawa wa tumbo. Namsogelea kwa adabu: "Shikamoo mama. Naomba uisogeze karibu na mdomo, upana wa ngumi hivi." Anaitikia, anasogeza. Umbali ukipungua nusu, maiki inapata takriban desibeli 6 za ziada bila mimi kugusa kitu.

Maiki ziko 12. Kila idadi ya zilizo wazi inapozidishwa mara mbili, unapoteza desibeli 3 za nafasi uliyonayo kabla ya mluzi. Nafungua ya anayezungumza tu, na kidole hakitoki kwenye mikisa, meza ya kuongozea sauti za maiki zote.

Saa 5:00. Tunaunganishwa na wenzetu wa Nairobi kwa Zoom. Wanalalamika: "Tunajisikia wenyewe!" Watu ukumbini wanasema tatizo ni la Nairobi. Hapana. Anayesikia mwangwi wa sauti yake anaupata kutoka upande wa pili, na leo upande wa pili ni sisi. Nakagua njia inayopeleka sauti kwenye laptopu yetu ya Zoom: haibebi sauti ya Nairobi, iko sawa. Basi natembea kati ya viti. Mstari wa nne, mjumbe amejiunga na mkutano huohuo kwa laptopu yake, maiki wazi. Kifuta mwangwi cha laptopu yake kinafuta kile inachocheza yenyewe. Sauti ya spika zetu, inayofika kwa kuchelewa, hakiijui. Anaifunga maiki. Nairobi kimya, kisha: "Sasa safi kabisa."

Saa 7:30. Chakula. Mimi naomba mapazia mazito yafungwe upande wa vioo. Mwaka 1895, pale Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, mwanafizikia Wallace Sabine alianza kupima kumbi usiku akibeba mito ya viti vya ukumbi mwingine, aone kila mto unameza sauti kiasi gani. Kila nikivuta pazia namkumbuka.

Saa 11:30 jioni. Tunakunja waya. Kijana anapiga kofi, anafungua pazia moja, anapiga tena. Ananiuliza kama wiki ijayo tunaweza kuomba zulia.