Kaa mwekundu na sisimizi wa manjano

Nimetoka kutazama video sasa hivi, na moyo bado unaniuma.

Ni Kisiwa cha Christmas, eneo la Australia katika Bahari ya Hindi.
Kaa mwekundu anakatiza msituni, ardhi imejaa sisimizi wa manjano, wageni walioletwa na binadamu bila kujua.

Hawana mwiba. Wanarusha asidi.

Ikamwingia machoni. Akawa anazunguka palepale, haoni, miguu inapapasa majani.

Makumi ya mamilioni ya kaa wameuawa hivyo!

Sisimizi hao hunenepa kwa majimaji matamu ya wadudu wanaofyonza utomvu wa miti. Ndiyo maana mwaka 2016 waliachiliwa nyigu wadogo mno kutoka Malaysia, wawashambulie wadudu hao. Mimi naunga mkono.

Nyie mngethubutu kuleta mgeni mwingine kisiwani?