Jogoo Asiye na Shoka

Binti yangu alikuwa akichora nembo ya taifa letu, Kenya, kwa ajili ya kazi ya shule aliponiuliza kwa nini jogoo aliye kwenye ngao ameshika shoka. Nilimpa jibu la vitabuni, lakini mawazo yangu yalikuwa yamekwisha kwenda Njoro, mwaka 2014, siku chache baada ya mazishi ya Babu.

Bastola ilikuwa chini kabisa ya sanduku lake la bati, imeviringishwa kwenye kipande cha turubai. Baba Mdogo, ambaye miaka yake ya kazi polisi ilipita kwenye ghala la silaha, alituamuru sote turudi nyuma, akabonyeza ulimi wa chuma kwa kidole gumba, mtutu ukainama mbele, na matundu sita ya silinda yakaonekana matupu. Ndipo alipoanza kuisoma. Wengi wakiona rivolva inayofunguka hivyo, alisema, huiita Enfield, lakini Enfield iliyoanza kutumika katika jeshi la Uingereza mwaka 1932 hula risasi nyembamba ya inchi .38, ilhali matundu haya yalikuwa ya .455. Mpini wa pembe mraba ulimwambia kwamba si toleo la awali la Webley, rivolva nyingine ya Uingereza, maana yale ya jeshi ya kabla ya mwaka 1915 yalikuwa na mpini uliopinda kama kichwa cha ndege. Ubavuni, juu ya silinda, palichorwa WEBLEY, MARK VI na mwaka 1916. Mlowezi ambaye Babu alimpikia alikuwa afisa wa Vita Kuu ya Kwanza, na maafisa wengi wa aina yake walipewa mashamba ya nyanda za juu kwa mpango wa kikoloni wa mwaka 1919 wa kuwagawia ardhi askari waliotoka vitani. Kwa hiyo silaha iliwahi kufika Njoro kabla ya sisi wengi kuzaliwa. Namna ilivyohamia sandukuni mwa Babu hakuna aliyethubutu kukisia mbele ya Nyanya.

Tulikubaliana kuipeleka kituoni asubuhi, kwa kuwa ukuukuu wa silaha hauondoi haja ya cheti cha kuimiliki.

Kabla ya giza kuingia walibisha wanaume wawili waliovaa makoti ya ngozi. Walisema wametumwa kuchukua "ile bastola ya turubai", na kwamba jambo lingeweza kuzungumzwa hapo hapo bila kusumbua familia iliyofiwa. Mmoja alifungua pochi na kutuonyesha beji ya shaba. Aliifunga upesi, lakini Baba Mdogo alinyoosha mkono kwa upole, kama mzee anayeomba chumvi mezani, na yule kijana akampa bila kufikiri.

Aliigeuza chini ya taa kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa ubavuni pake, na niliona tai mwenye mbawa zilizotandazwa juu kabisa, mfano wa beji za Marekani, na chini yake nembo yetu ikiwa imebandikwa kwa gundi iliyovuja pembeni. Simba walikuwepo, mikuki ilikuwepo.

"Maafande," alisema, "huyu tai nimeshamsamehe. Lakini jogoo wetu hushika shoka. Huyu wenu amelipeleka wapi?"

Hakuna aliyecheka. Akaendelea, kwa sauti ile ile, kwamba askari wa Kenya asiyevaa sare hujitambulisha kwa cheti chake cha uteuzi, chenye picha na nambari ya utumishi, wala si kwa kipande cha shaba. Basi watoe vyeti vyao, naye apige simu kituoni kuthibitisha nambari. Mkubwa wao alisema vyeti vimebaki garini. Walikwenda kuvileta, na gari likaondoka. Beji ilibaki mkononi mwa Baba Mdogo.

Kesho yake tulikabidhi vyote viwili kituoni, tukaandika maelezo, tukarudi nyumbani.

Kilichobaki ni lile neno "turubai". Tuliokuwa chumbani sanduku lilipofunguliwa tulikuwa jamaa watupu, na jioni ile ile wageni walikuwa wamekwisha kujua hata kitambaa. Tukikutana kwenye harusi huwa nawatazama wote kwa zamu, kisha naona haya. Mwaka jana nilimuuliza Baba Mdogo kama aliwahi kumshuku mtu. Aliniuliza viazi vinauzwaje Molo.